Mtu Anayeweza Kuuawa

Nilikuwa na miezi mitatu tu kwenye mafunzo ya uwakili nilipokutana na yule mama. Tulikuwa kwenye korido ya mahakama moja ya hakimu nje kidogo ya Nairobi, zile korido zenye benchi mbili na watu mia, kila mmoja ameshika karatasi asiyoielewa. Mumewe alikuwa amempiga mateke akiwa na mimba ya miezi saba. Waligombana kuhusu pesa za chama. Siku ya pili yake mtoto alitoka akiwa amekufa. Wakili niliyekuwa chini yake alikuwa anaifuatilia kesi kwa niaba ya huyu mama, na mimi nilitumwa nikae naye nimweleze kitakachotokea ndani.

Akanipa nakala ya hati ya mashtaka. "Madam wakili," akaniita, mimi ambaye hata sikuwa nimeapishwa, "hapa wameandika jicho, wameandika mbavu. Mtoto ameandikwa wapi?"

Nikaisoma mara mbili. Kushambulia na kusababisha madhara ya mwili, kifungu cha 251. Jicho lilikuwapo. Mbavu zilikuwapo. Nikamwambia ngoja kidogo mama, nikaenda kumuuliza mwalimu wangu, ambaye alinijibu bila kuinua macho kwenye faili: "Hayuko. Kasome 214."

Kifungu cha 214 cha Kanuni ya Adhabu, ile Sura ya 63, ni sentensi moja tu. Kinasema mtoto anakuwa mtu anayeweza kuuawa pale anapokuwa ametoka kabisa, akiwa hai, katika mwili wa mamake. Iwe amevuta pumzi au bado, iwe damu yake inazunguka yenyewe au bado, iwe kitovu kimekatwa au bado. Nilikuwa nimekikariri kwa ajili ya mtihani na kukisahau wiki iliyofuata. Kukisoma wakati kuna mtu anakungoja kwenye benchi ni jambo lingine. Sheria haisemi mtoto anakuwa mtu lini. Inasema anakuwa lini mtu *anayeweza kuuawa*, yaani mtu ambaye kifo chake kinaweza kumpeleka mwingine jela. Kabla ya hapo hawezi kuuawa, hata akifa.

Sikurudi na jibu zuri. Nilimwambia sheria yetu ndivyo ilivyo. Akaniuliza, "Sheria yetu na nani?" Nadhani hakuwa anatafuta falsafa, alikuwa na hasira tu. Lakini swali lilinifuata mpaka nyumbani, na kwa miezi kadhaa nikawa natafuta: hii sentensi iliandikwa na nani, ameketi wapi, na alikuwa anamfikiria nani?

Haikuandikwa hapa. Ilifika Kenya tarehe 1 Agosti 1930, siku Kanuni ya Adhabu ilipoanza kutumika, na mwaka huohuo Uganda na Tanganyika wakapata kanuni zinazofanana na yetu kama mapacha. Wizara ya Makoloni ya Uingereza ilikuwa inataka makoloni yake ya Afrika yatumie mfano mmoja, na mfano huo ulitokana na kanuni ya Nigeria ya 1916. Ya Nigeria nayo ilitokana na ile ya Kaskazini mwa Nigeria ya 1904. Hiyo ilichukuliwa kutoka Queensland, Australia, ambako jaji mkuu mmoja, Samuel Griffith, aliandika kanuni iliyopitishwa 1899 na kuanza kutumika Januari 1901. Griffith alizaliwa Wales, akawa waziri mkuu wa Queensland kabla ya kuwa jaji, na wakati wake wa ziada alikuwa akimtafsiri Dante kwa Kiingereza. Ukifungua kifungu cha 292 cha kanuni ya Queensland utaikuta sentensi yetu, neno kwa neno, mpaka kile kitovu.

Hata Griffith hakuianza. Miaka 20 hivi kabla yake, James Fitzjames Stephen, aliyekuwa amefanya kazi ya sheria India, alishiriki kuandaa rasimu ya kanuni ya jinai kwa ajili ya Uingereza yenyewe. Bunge la Uingereza halikuipitisha. Kwa hiyo maneno haya hayakuwahi kuwa kifungu cha kanuni ya jinai kule London, ila Kanada waliyachukua, Queensland wakayachukua, na kupitia Nigeria yakatua Nairobi. Waingereza wana tabia hii ya kukataa kitu kwao kisha kukiona kinatufaa sisi.

Sasa, kwa nini "ametoka kabisa"? Kwa nini pumzi, damu, kitovu? Hapa ndipo historia inakuwa na watu ndani yake.

Edward Coke, mwanasheria wa Uingereza ambaye kitabu chake kuhusu makosa ya jinai kilitoka 1644, miaka 10 baada ya kufa kwake, aliandika kwamba anayemuua mtoto tumboni, baada ya mama kuanza kuhisi anacheza, ametenda kosa kubwa lakini si mauaji. Mtoto akizaliwa hai kisha afe kwa majeraha yale aliyoyapata tumboni, hayo ni mauaji. Mstari ukachorwa hapo, mlangoni. Watu wengi siku hizi wanausoma mstari huo kama tamko kuhusu roho au utu. Sidhani. Karne ya 17 hakuna aliyeweza kujua kilichokuwa kikitendeka ndani ya tumbo. Mimba iliweza kuharibika kwa homa, kwa njaa, kwa sababu isiyojulikana. Mtoto akitoka amekufa, nani angeapa kwamba jana alikuwa hai, na kwamba pigo la jana ndilo lililomuua? Kuzaliwa hai kulikuwa ushahidi. Majaji walihitaji mwili waliouona ukiwa hai ili waulize nani aliuua.

Lakini kuna mtu mwingine kwenye hadithi hii, na ndiye aliyefika mahakamani mara nyingi zaidi kuliko mume mwenye mateke: msichana wa kazi. Mwaka 1624 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyohusu wanawake wasioolewa tu. Mwanamke wa namna hiyo akizaa na kuficha kifo cha mtoto, alihesabiwa muuaji mpaka alete angalau shahidi mmoja wa kuapa kwamba mtoto alizaliwa amekufa. Fikiria hilo. Umezaa peke yako usiku, chumba cha juu kwa mwajiri wako, umejiziba mdomo na shuka usisikike, halafu unaambiwa leta shahidi. Wengine walinyongwa.

Baadaye mahakama zilianza kuwaonea haya watu zinaowanyonga, zikaanza kutafuta sayansi. Daktari alichukua mapafu ya mtoto na kuyatia kwenye maji. Yakielea, alivuta pumzi, kwa hiyo alizaliwa hai. Yakizama, alikufa kabla. Mnamo 1783 William Hunter, daktari wa uzazi aliyeheshimika sana London, alionya wenzake kwamba kipimo hicho ni hatari. Mapafu yanaweza kuelea kwa sababu yameanza kuoza, au kwa sababu mama mwenyewe alijaribu kumpulizia mtoto pumzi amwokoe. Na tena, alisema, mtoto anaweza kuvuta pumzi kichwa kikiwa nje na kufa kabla mabega hayajapita. Je, huyo alizaliwa? Sheria ile ya 1624 ilifutwa 1803. Majaji wa karne ya 19 wakaendelea kubishana mtoto mmoja baada ya mwingine: huyu alilia lakini miguu ilikuwa bado ndani, huyu alikuwa nje lakini kitovu hakijakatwa.

Sentensi ya Stephen ndiyo iliyofunga mabishano hayo. Pumzi si hoja, damu si hoja, kitovu si hoja. Hoja ni awe nje, mzima mzima, na awe hai. Kwa hiyo ukiisoma 214 polepole unaweza kuwaona wale wasichana. Iliandikwa ili mahakama ijue lini ina haki ya kumnyonga mama. Hakuna mahali ambapo mwandishi wake alikuwa anamfikiria mwanamke aliyepigwa teke na mtoto alikuwa anamtaka.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba kabla ya 1930, Kenya ilikuwa na mstari tofauti.

Kuanzia 1897 Waingereza walitutawala kwa sheria za India. Ndiyo, Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860, iliyoanza kama rasimu ya Macaulay, ndiyo ilikuwa ikitumika Mombasa na Nairobi kwa zaidi ya miaka 30. Kanuni hiyo inasema kusababisha kifo cha mtoto aliye tumboni si mauaji, hapo inakubaliana na Coke. Lakini inaongeza kwamba inaweza kuwa mauaji kumuua mtoto aliye hai ikiwa sehemu yoyote ya mwili wake imeshatoka nje. Sehemu yoyote. Mkono mmoja unatosha. Halafu 1930 tukahamishwa tukawekwa kwenye "ametoka kabisa". Mtoto aliyezaliwa nusu tarehe 31 Julai 1930 alikuwa mtu anayeweza kuuawa. Aliyezaliwa nusu kesho yake hakuwa. Hakuna Mkenya aliyeulizwa mara ya kwanza, wala mara ya pili.

Na India walikuwa na kifungu kingine, cha 316. Mtu akifanya kitendo ambacho kama kingemuua mama kingekuwa mauaji, na kitendo hicho kikaua mtoto tumboni ambaye ameshaanza kucheza, anaweza kufungwa hadi miaka 10. Sheria hiyo haikumwita mtoto mtu. Ilisema tu kwamba kifo hiki ni kitu, na kina kosa lake. Nilipokisoma nilifunga kitabu nikatoka nje kununua chai. Yule mama angepigwa 1929, pengine kungekuwa na kifungu cha kujaribu.

Pwani walikuwa na jibu la zamani zaidi. Makadhi wa huko walihukumu kwa vitabu vya fiqhi vya madhehebu ya Shafi, na fiqhi ina neno mahususi kwa jambo hili: ghurra. Linatokana na hukumu ya Mtume kwenye ugomvi wa wanawake wawili wa kabila la Hudhayl, mmoja alipompiga mwenzake aliyekuwa mjamzito. Anayempiga mjamzito mimba ikatoka imekufa analipa ghurra, ambayo wanazuoni waliikadiria kuwa sehemu moja ya ishirini ya diya kamili. Ikiwa diya ni ngamia 100, ghurra ni ngamia watano. Mtoto akitoka hai kisha akafa, diya ni kamili. Angalia, mstari wa kuzaliwa hai uko hapo pia, ni uleule wa Coke. Tofauti ni kwamba upande wa pili wa mstari si patupu. Mtoto hajalinganishwa na mtu aliyezaliwa, lakini hajaachwa bila hesabu. Utawala wa kikoloni ulipowaachia makadhi ndoa, talaka na mirathi na kuchukua jinai, ghurra ilibaki vitabuni.

Turudi kwenye kanuni tuliyo nayo, kwa sababu mtu ataniuliza: kwani hakuna kabisa kifungu kinachomlinda mtoto aliye tumboni? Vipo. Tatizo ni vinamtafuta nani. Kifungu cha 158 kinampa miaka 14 anayejaribu kumtoa mwanamke mimba. Cha 159 kinampa mwanamke mwenyewe miaka saba. Cha 160 kinampa miaka mitatu anayetoa dawa au vifaa. Vyote vitatu viko kwenye sura ya makosa dhidi ya maadili, si kwenye sura ya mauaji. Na cha 158 kina maneno ambayo nilipoyaona mara ya kwanza nilidhani ni makosa ya uchapaji: kosa linatimia mwanamke awe ana mimba au hana. Unaweza kufungwa miaka 14 kwa kutoa mimba ambayo haikuwapo. Sheria inayomlinda mtoto ingehitaji angalau mtoto awepo. Hii ilikuwa inalinda kitu kingine.

Mume wa yule mama hakuingia humo, kwa sababu lazima uthibitishe alikusudia kuitoa mimba, na yeye alikusudia kumuumiza mke wake. Kuna kifungu cha 228, kumuua mtoto ambaye hajazaliwa, ambacho adhabu yake yafika maisha. Lakini hicho ni kwa mwanamke aliye karibu kujifungua, kiliwekwa kuziba pengo la zile dakika za uchungu. Miezi saba si karibu kujifungua. Kwa hiyo alipita katikati ya vifungu vyote, kama mtu anayepita kwenye ua lililong'olewa mbao moja, akafika kwenye 251 na jicho na mbavu.

Cha ajabu, kanuni hiyohiyo ina mahali inapomwona. Kifungu cha 211 kinasema mwanamke mjamzito hahukumiwi kifo, atafungwa maisha. Hiyo nayo ni ya kale, Uingereza wanawake waliohukumiwa walidai mimba na jopo la wanawake likaitwa kuwapapasa tumbo. Huyo asiyeweza kuuawa na mtu yeyote, serikali yenyewe inaogopa kumuua.

Mwaka 2004 serikali ilijaribu kuuruka mstari. Vijusi 15 vilipatikana vimetupwa Nairobi, picha zikajaa magazetini, na daktari mmoja na wauguzi wawili wakashtakiwa kwa mauaji. Si kwa kifungu cha 158, bali mauaji. Enzi hizo mtuhumiwa wa mauaji hakupewa dhamana, kwa hiyo walikaa rumande karibu mwaka mzima mpaka Mahakama Kuu ilipowaachilia 2005. Kwa shtaka la mauaji, upande wa mashtaka ulihitaji watoto waliotoka hai, na 214 ilikuwa imewasubiri mlangoni. Kesi ilivunjika, ila mjadala ulikuwa umeshaondoka mahakamani na kuingia makanisani.

Nilikuwa darasa la sita wakati wa kura ya maamuzi ya 2010. Kijani ilikuwa ndiyo, nyekundu hapana, na pasta wetu alikuwa nyekundu hadi tai. Viongozi wengi wa makanisa walikataa rasimu kwa sababu mbili, mahakama za kadhi na utoaji mimba, ingawa rasimu ilikuwa na maneno ambayo kanisa lenyewe lilikuwa limeyasukuma: kwamba uhai wa mtu unaanza mimba inapotungwa. Ndiyo Ibara ya 26(2). Lililowaudhi lilikuwa aya ya nne, inayoruhusu mimba kutolewa ikiwa, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa, kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine imeruhusu. Asilimia 67 ya wapiga kura walisema ndiyo. Mamangu alipiga hapana, shangazi yangu nesi alipiga ndiyo, na Krismasi hiyo walikaa pande mbili za sufuria ya pilau.

Baada ya hapo hakuna aliyegusa sehemu hii ya Kanuni ya Adhabu. Vifungu vya 158 hadi 160 viko vilevile. 214 iko vilevile. Katiba inasema uhai wa mtu unaanza kwenye kutungwa mimba, kanuni inasema mtu anayeweza kuuawa anaanza mlangoni, na zote ni sheria, leo, hapa. Wanaolipia mgongano huo si maprofesa. Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa utoaji mimba salama 2012 kisha ikauondoa mwishoni mwa 2013. Msichana aliyebakwa akiwa mdogo, anayejulikana kwenye kumbukumbu za mahakama kwa herufi JMM, alitolewa mimba kwa njia isiyo salama, akahangaishwa kutoka hospitali moja hadi nyingine, akafa 2018. Mwaka uliofuata majaji watano wa Mahakama Kuu waliamua kwamba kuuondoa mwongozo kulikuwa kinyume cha sheria, na mamake akapewa fidia ya shilingi milioni 3. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kesi ya msichana mwingine wa Kilifi, PAK, aliyekamatwa pamoja na mhudumu aliyemtibu mimba ilipoharibika, na ikakemea ukamataji wa namna hiyo. Uamuzi huo ulipingwa kwenye rufaa. Wote wawili, JMM na PAK, waligonga kanuni ya 1930 ikiwa macho na Katiba ya 2010 ikiwa imelala.

Nitakiri, baada ya kumsindikiza yule mama nilikuwa na jibu la haraka. Futa 214. Katiba imeshasema, basi mtoto aandikwe mtu tangu mwanzo, na mume ashtakiwe kwa mauaji. Nilimwambia mwalimu wangu hivyo. Akaniuliza kama nimesoma ya El Salvador.

El Salvador waliondoa ruhusa zote za kutoa mimba kwenye kanuni yao ya adhabu ya 1998, na mwaka uliofuata katiba yao ikamtambua mtu tangu kutungwa mimba. Mwaka 2008 mwanamke wa kijijini, ambaye mahakama inamwita Manuela, jina la kumficha, mimba yake iliharibika nyumbani. Alipelekwa hospitali anavuja damu. Akafungwa pingu kitandani, akashtakiwa kuua, akapewa miaka 30. Alikufa 2010 kwa saratani akiwa bado mfungwa. Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ililitia hatiani taifa lake mwaka 2021. Na huko Alabama, Marekani, 2018, mwanamke mwenye mimba ya miezi mitano alipigwa risasi tumboni wakati wa ugomvi, mimba ikafa. Jopo la raia halikuidhinisha mashtaka dhidi ya aliyefyatua. Likamshtaki yeye aliyepigwa, kwa kuua bila kukusudia, ati ndiye aliyeanzisha ugomvi. Mwendesha mashtaka aliifuta kesi baada ya kelele za nchi nzima.

Nilisoma hayo usiku nikamkumbuka yule mama kwenye benchi. Pasta wake, mama mkwe wake, askari wa kituo, wote wangeweza kuuliza: na wewe ulimjibu nini? Kwa nini hukunyamaza ukijua una mimba? Sheria ile aliyokuwa anaiomba ingeweza kugeuka ikamwangalia yeye.

Kisha nikarudi Queensland, kuangalia ile nyumba sentensi yetu ilikotoka inakaaje siku hizi. 292 bado iko, haijaguswa. Lakini 1997 waliongeza aya kwenye kifungu chao cha 313: anayemshambulia mwanamke mjamzito kinyume cha sheria na kuangamiza uhai wa mtoto kabla hajazaliwa ana kosa lake pekee, na linaweza kumfunga maisha. Hawakuhitaji kumwita mtoto mtu anayeweza kuuawa. Na 2018 waliondoa utoaji mimba kwenye kanuni ya jinai, wakaupeleka kwenye sheria ya afya. Mwenye mateke wakamwongezea, mwanamke wakampunguzia. Tulirithi sentensi yao ya 1899 lakini hakuna aliyetuma marekebisho.

Mume alikiri kosa siku ya tatu ya kesi. Kabla ya hukumu, mahakama inaweza kumsikiliza aliyeumizwa aeleze madhara, na kazi ya kumsaidia yule mama kuandika maelezo yake nilipewa mimi. Aliandika kwa Kiswahili, kwa mkono, kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa kuhusu jicho. Wa pili ulikuwa na mstari mmoja kutoka kwenye kitabu cha kliniki, alionakili kama ulivyo: mtoto wa kike, gramu 1,350.

Kiongozi wa mashtaka alisoma yote kwa sauti. Alipofika hapo hakimu akainua mkono.

"Rudia hiyo nambari," akasema, na akaiandika.